Unitas: Alitemwa nyumbani, akabeba ndoo

Mwaka 1955, Pittsburgh Steelers waliwahi kumtema Johnny Unitas, mtoto wa mji huohuo, bila kumpa hata dakika moja. Jamaa akaingia kwenye vibarua vya ujenzi, huku akikipiga timu ya mtaani kwa dola 6 kwa mechi. Baltimore Colts wakamwokota 1956.

Desemba 28, 1958, fainali ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Giants wanaongoza 17-14, zimebaki kama dakika mbili. Unitas akamwaga pasi, Colts wakasawazisha zikibaki sekunde 7, wakamaliza kazi muda wa nyongeza, 23-17.

Alifariki 2002. Mashabiki wengi bado wanaiita mechi bora kuliko zote. Steelers je? Ndoo ya kwanza waliisubiri hadi 1975.