Daktari aliyefuata mvuke wa sumu

Wanafunzi wetu wa kemia hukariri alama za risasi na zebaki, lakini ni wachache waliowahi kusikia jina la Alice Hamilton. Daktari huyu Mmarekani, aliyezaliwa mwaka wa 1869, alihamia Chicago mwaka wa 1897 akaishi miongoni mwa wahamiaji maskini, na hapo akapata habari za vibarua waliotoka viwandani mikono imepooza. Wenye viwanda walidai kwamba watu hao hawanawi. Alipokabidhiwa uchunguzi wa jimbo la Illinois mwaka wa 1910, Hamilton hakutosheka na maelezo ya ofisini. Aliwatembelea wagonjwa majumbani, akawauliza walisimama wapi kazini na walishika nini, kisha akaingia viwandani kutazama mafusho na vumbi vilitoka wapi hasa. Akathibitisha kuwa risasi iliwaingia zaidi kwa pumzi. Baadaye akafuata mvuke wa zebaki kwa washona kofia. Chuo Kikuu cha Harvard kilimwajiri mwaka wa 1919, mwanamke wa kwanza kufundisha huko, lakini (ajabu ya wasomi!) kikamzuia kuandamana na wenzake katika mahafali. Alifariki Septemba 1970 akiwa na miaka 101. Sheria ya kulinda wafanyakazi wa Marekani nzima ilitiwa saini Desemba mwaka huo huo.