Beauchamp, Mwasisi wa Gitaa la Umeme
Sisi askari tuchezao dansi Kasese na Bwera yatupasa kumkumbuka George Beauchamp, Mmarekani aliyezaliwa Texas mwaka 1899. Alikuwa mpiga gitaa, lakini sauti ya gitaa lake ilimezwa na vishindo vya bendi. Hakunung'unika. Juu ya meza ya chakula nyumbani kwake alizungusha waya mwembamba wa shaba, akaongeza sumaku kuzikabili nyuzi za chuma. Mwaka 1931 Harry Watson akachonga ubao kwa mkono, na gitaa likanguruma. Hati ya uvumbuzi aliyoiomba mwaka 1934 ilitolewa mwaka 1937, wengine wakiwa wamekwisha kumwiga. Alifariki mwaka 1941. Haki yake ilichelewa. Kazi yake yadumu.