Tom Mboya: Bwana afya aliyetetea wafanyakazi wa mijini

MJINI Kisumu, jina la Tom Mboya limepewa mtaa wa makazi na chuo cha mafunzo ya wafanyakazi. Majina hayo yanamfaa mtu ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kukagua usafi wa jiji.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, mzaliwa wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, alikuwa ameajiriwa. Baada ya masomo Kabaa, Yala na Mang'u, alifunzwa ubwana afya na kuajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Enzi hizo, serikali ya kikoloni ilimhesabu mfanyakazi Mwafrika kuwa mpita njia mjini. Mshahara wake ulikadiriwa kumtosha kapera, na makao yake mara nyingi yalikuwa nafasi ya kitanda tu. Mkewe na watoto walitarajiwa kulishwa na shamba la nyumbani. Mboya mwenyewe alilipwa kidogo kuliko mabwana afya Wazungu.

Alishiriki kuunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mnamo 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka uliofuata, Kamati ya Carpenter, iliyoteuliwa na serikali, ilikiri kwamba mshahara unapaswa kumwezesha mfanyakazi kuishi mjini na familia yake. Mnamo 1955 Mboya alisaidia kumaliza mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, wakapata nyongeza.

Akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi kuanzia 1964, alisimamia Waraka nambari 10 wa 1965, uliokuwa dira ya uchumi wa taifa. Shirika la Kitaifa la Nyumba liliundwa mnamo 1967, naye angali waziri. Hata hivyo, waraka huo ulielekeza fedha za maendeleo zaidi katika maeneo yenye rutuba, mvua, barabara na umeme, na wakosoaji wake wanasema sehemu nyingine zilisahauliwa, ukiwemo mwambao wa ziwa alikotoka babake.

Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi Julai 5, 1969, akiwa na umri wa miaka 38, akazikwa Rusinga.

Mapema miaka ya 1970, mipaka ya Kisumu ilipanuliwa ikameza vijiji vya Nyalenda, Manyatta na Obunga, ambavyo viligeuka mitaa ya mabanda. Tangu 2024, sheria humkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ujenzi wa nyumba za gharama nafuu. Muuguzi na mfagia barabara wanaochangia hazina hiyo wanadai kile kile ambacho bwana afya huyo alidai: mshahara unaotosha kulaza familia nzima mahali pasafi.