Bachmann wa Mbozi: Mmisionari aliyehoji sheria ya kanisa

MBOZI, Songwe

KABLA Tunduma haijawa mji wa forodha na foleni za malori, Wamoravian walikwisha kufungua kituo Mbozi, kwa Wanyiha, mwaka 1899. Mwanzilishi wake alikuwa Mjerumani, Traugott Bachmann (1865-1948).

Alikuja na sheria iliyozoeleka: mwenye wake wengi abaki na mmoja, ndipo abatizwe. Kadiri alivyoishi na Wanyiha na kujifunza lugha yao, sheria hiyo ilimtatiza. Ubatizo wa mume uligharimiwa na mke aliyeachwa pamoja na watoto wake, watu wasio na kosa lolote. Bachmann akashikilia kuwa imani ndiyo msingi, na kwamba mila nyingi waachiwe Wakristo wa Kinyiha wenyewe kuziamua.

Hoja hiyo haikuwa ngeni. Mitume walikwishaijadili Yerusalemu kuhusu tohara ya watu wa mataifa. Hata hivyo, si wamisionari wenzake wote waliomuunga mkono.

Agano Jipya la Kinyiha, kazi yake, lilichapwa mwaka 1913. Vita ikamwondoa Mbozi mwaka 1916. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1957, na jina la kitabu, kwa Kijerumani, linakiri kwamba aliwakwaza wengi.