Mbabe wa Barafuni: Maisha ya Derek Boogaard

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na kijana wa kidato cha pili aliyenizidi urefu mimi mwalimu wake. Darasa lolote likipiga kelele, walimu tulimtuma yeye akalinyamazishe. Kazi aliiweza. Ndiyo maana niliposoma habari za Derek Boogaard, hazikunitoka kichwani.

Boogaard alizaliwa 1982 Saskatoon, Kanada, nchi ambayo watoto wanacheza hoki ya barafuni kama sisi tulivyocheza chandimu. Baba yake alikuwa polisi, hivyo familia ilihamahama. Kuteleza kwenye barafu kulimsumbua, ila mwili alikuwa nao: alipita mita 2. Siku moja, bado kijana, alipandwa na hasira akavamia benchi la wapinzani peke yake. Watafuta vipaji waliokuwepo wakamtaka.

Kiukweli, si kwa ajili ya mabao. Katika hoki ya kule, ukipigana ngumi unakaa nje dakika 5, kisha unarudi mchezoni. Basi timu ziliajiri mbabe. Mpinzani akimchezea rafu nyota wenu, mbabe anavua glavu, wanazichapa, uwanja mzima umesimama unashangilia.

Minnesota Wild walimchagua 2001, na 2005 akaanza kucheza ligi kuu, NHL. Hesabu yake yote: mechi 277, mabao 3, dakika za adhabu 589. Kuna wakati alipitisha mechi 234 bila bao, na mashabiki bado waliimba jina lake. 2010 New York Rangers walimpa mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 6.5.

Lakini mikono iliumia, mgongo ukafanyiwa upasuaji. Vidonge vya maumivu vikageuka uraibu, na 2009 akapelekwa kutibiwa. Desemba 2010 alipigana Ottawa, akapata mtikisiko wa ubongo, hakucheza tena. Mei 13, 2011 alikutwa amekufa nyumbani kwake Minneapolis. Alikuwa amechanganya pombe na vidonge. Alikuwa na miaka 28. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walipochunguza ubongo wake, walikuta ugonjwa wa CTE, unaotokana na kupigwa kichwani mara kwa mara.

Nje ya uwanja, waliomfahamu walimsifu kwa upole. Ila upole hauna mkataba.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Wiki ya mwisho nilikusanya madaftari, na lake likiwemo. Karibu nusu ya muhula haikuandikwa. Muda wa vipindi alikuwa madarasa mengine, akitutunzia nidhamu. Na mara kadhaa aliyemtuma ni mimi.

Wanaelimu wenzangu, karibuni tunarudi mashuleni. Darasani kwako atakuwepo mmoja mwenye mwili mkubwa. Kabla hujamtuma, fungua daftari lake kwanza.