Kitereza: Mzee wa Ukerewe aliyesubiri kitabu chake kwa miaka 35

WAKATI kitabu cha Aniceti Kitereza kilipotolewa jijini Dar es Salaam mnamo 1980, mwandishi wake alikuwa na umri wa miaka 84. Mwaka uliofuata alifariki kisiwani Ukerewe, nakala zilizochapishwa zikiwa bado hazijamfikia. Riwaya aliyoimaliza mwaka wa 1945 ilikuwa imemgharimu zaidi ya theluthi moja ya maisha yake kwa kusubiri tu.

Wapo wasomaji wengi wa Kiswahili ambao wamelisikia jina la riwaya hiyo, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, bila kumjua aliyeiandika. Maisha yake yanastahili kusimuliwa, hasa kwa yeyote anayedhani kwamba umri ukishasonga kalamu nayo huwekwa chini.

Kitereza alizaliwa mwaka wa 1896 katika ukoo wa kitawala wa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Utotoni aliishi katika makao ya Omukama, yaani mfalme wa Wakerewe, ambako aliyaona mengi ya maisha ya kale kabla hayajafifia. Baadaye alisoma katika shule ya misheni ya Kikatoliki ya Kagunguli, kisha akapelekwa katika seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Huko alisoma kwa takriban miaka kumi na kujifunza lugha kadhaa, zikiwemo Kilatini na Kijerumani.

Hakuwa padri. Alirejea nyumbani na mnamo 1919 akamwoa Anna Katura kwa ndoa ya Kikristo. Wawili hao walijaliwa watoto, lakini wote walifariki wakingali wadogo. Katika jamii iliyomthamini mtu kwa uzao wake, mume katika hali hiyo alitarajiwa kuoa mke mwingine. Kitereza hakufanya hivyo. Alibaki na Anna.

Kwa miaka kadhaa alifanya kazi kwa wafanyabiashara wa Kiitaliano. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka, kazi hiyo ilifikia kikomo, naye akarudi Kagunguli kuisaidia misheni katika shughuli za uandishi na tafsiri. Alikuwa ameupita umri wa miaka 40. Wengi katika umri huo, wakishaachana na ajira ya wageni, hutulia shambani na kuhesabu mifugo. Yeye alianza kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya.

Alikuwa amekusanya ngano, methali na habari za kale za Wakerewe. Alitambua kwamba wazee waliozijua habari hizo walikuwa wakifariki mmoja baada ya mwingine, na kwamba vijana waliotoka shuleni hawakuzijua tena. Padri mmoja wa misheni, Almas Simard, alimtia shime aandike. Badala ya kuandika orodha ya mila, Kitereza alichagua kuzitia ndani ya hadithi ya mume na mke, na akaiandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake.

Hadithi yenyewe ni ya Myombekere na mkewe Bugonoka, ambao wamekosa mtoto. Jamaa za mume wanamsimanga mke huyo, na wazazi wake wanamchukua. Myombekere hakubali kumwacha. Anakwenda ukweni kujinyenyekeza, anatozwa pombe ya ndizi kama faini, anamrudisha mkewe na kumtafutia mganga. Hatimaye wanapata mvulana, Ntulanalwo, na msichana, Bulihwali. Majina hayo yenyewe yanabeba kilio cha wazazi waliozoea kuzika: la kwanza lazungumzia kuishi na kifo, la pili lauliza majonzi yatakwisha lini.

Si vigumu kuona alikoitoa hadithi hiyo. Mtu aliyewazika watoto wake na akakataa kumwacha mkewe aliwapa wahusika wake kile ambacho yeye mwenyewe alinyimwa. Hata hivyo hakulalamika popote kitabuni. Alieleza kwa subira jinsi watu walivyolima, walivyovua samaki, walivyokamua ndizi kwa pombe, walivyoamkiana na walivyozikana, kabla ya utawala wa Wazungu.

Kitabu kilipokamilika, hakuna aliyekitaka. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, na hapakuwa na mchapishaji aliyekuwa tayari kugharimia riwaya ndefu namna ile kwa lugha ya kisiwa kimoja. Muswada ukakaa. Tanganyika ikapata uhuru mwaka wa 1961, nayo Tanzania ikazaliwa mwaka wa 1964, muswada ukiwa bado umekaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wasomi wawili wa Kimarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walifika Ukerewe kwa utafiti wa historia na wakakutana na mzee huyo. Ilidhihirika kwamba riwaya ingepata wasomaji iwapo ingekuwa kwa Kiswahili. Kitereza alikuwa tayari katika miaka ya sabini, akisumbuliwa na maradhi ya viungo. Alikaa chini na kuitafsiri mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa.

Hata baada ya kazi hiyo alisubiri miaka mingine kumi na zaidi hadi shirika la Tanzania Publishing House lilipoitoa kwa juzuu mbili. Tangu hapo imetafsiriwa kwa Kijerumani, na mnamo 2002 ikatoka kwa Kiingereza kwa tafsiri ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe na aliyeirejelea lugha ya awali.

Kuna funzo hapa kwetu tunaolizunguka ziwa hilo hilo, nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Vijijini mwetu wamo walimu, makarani na makatekista waliostaafu, ambao wana madaftari sandukuni yaliyojaa habari za jamii zao. Mara nyingi hukosa mtu wa kuwauliza wameandika nini. Wakishazikwa, madaftari hayo huwashiwa moto jikoni.

Kitereza hakuacha mtoto wa kulibeba jina lake. Lakini Ntulanalwo na Bulihwali wangali hai, na yeyote anayejua kusoma Kiswahili anaweza kuwatembelea kwao Ukerewe. Wajibu uliobaki ni wetu: kukitafuta kitabu, na kumtembelea mzee wa jirani mwenye daftari kabla miaka 35 haijapita.