Isaac Singer: Jina lililobaki kwenye cherehani na kesi za kuligombea

Ukipita kwenye baraza la fundi nguo, gulioni au nje ya duka la kijijini, huenda ukakuta cherehani nyeusi yenye maandishi ya rangi ya dhahabu: Singer. Tumelizoea jina hilo hata hatuulizi ni la nani. Ni jina la mtu, Isaac Merritt Singer wa Marekani. Na baada ya kufa kwake, wafanyabiashara wa Marekani na Ulaya walipelekana mahakamani kwa miaka mingi kugombea nani ana haki ya kuliandika kwenye mashine anayouza.

Singer alizaliwa mwaka 1811 katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Aliondoka nyumbani angali mtoto, akajifunza ufundi wa mashine, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maigizo. Mwaka 1839 alibuni mashine ya kutoboa miamba, akauza haki yake kwa dola 2,000, kisha akazitumia fedha hizo kuanzisha kikundi cha kuigiza. Fedha zikaisha, kikundi kikavunjika, naye akarudi kwenye ufundi.

Mwaka 1850 alikuwa mjini Boston, katika karakana iliyokuwa ikirekebisha cherehani. Cherehani za wakati ule zilikuwa zikikwama kila mara. Singer alipendekeza sindano iliyonyooka, inayopanda na kushuka, na kidude cha kupitisha uzi wa chini kiende mbele na nyuma badala ya kuzunguka. Tarehe 12 Agosti 1851 alipewa hataza. Hataza ni haki ya kisheria inayomruhusu mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze kitu alichobuni, lakini kwa muda maalumu tu. Muda ukiisha, uvumbuzi unakuwa wa watu wote. Likumbuke jambo hilo, msikilizaji, kwa sababu ugomvi wote wa baadaye ulitoka hapo.

Singer hakuwa wa kwanza kubuni cherehani. Mmarekani mwingine, Elias Howe, alikuwa na hataza ya mwaka 1846 ya kushona kwa nyuzi mbili kwa kutumia sindano yenye tundu karibu na ncha. Howe akamshtaki. Mwaka 1854 Singer alikubali kumlipa dola 15,000, pamoja na malipo kwa kila mashine atakayouza. Miaka miwili baadaye watengenezaji wakubwa, Howe akiwemo, walikubaliana kutumia hataza zao kwa pamoja badala ya kumalizana kwa kesi.

Katika mashauri hayo Singer alikuwa na wakili hodari, Edward Clark, ambaye alikuwa pia mshirika wake katika biashara. Mwaka 1856 kampuni yao ilianza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo. Mnunuzi alitoa kiasi fulani, akaichukua mashine, akawa anashona huku analipa deni. Ndivyo cherehani ilivyofika kwa watu wasio na fedha nyingi mkononi.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa shwari. Alizaa watoto zaidi ya 20 na wanawake kadhaa, na baadhi ya familia hizo hazikujua kuwa kuna nyingine. Mambo yalipofichuka mwaka 1860 ikawa aibu kubwa, naye akaenda Ulaya. Mwaka 1863 ushirika wake na Clark ulivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na Kampuni ya Singer Manufacturing. Singer alibaki na hisa nyingi. Aliishi Paris, kisha akahamia Uingereza, akafia mji wa Paignton tarehe 23 Julai 1875, akiwa tajiri mkubwa.

Miaka miwili baada ya kifo chake, mwaka 1877, hataza kuu za cherehani zilimaliza muda wake. Sasa kila mwenye kiwanda aliweza kutengeneza mashine kama ile. Wengine hawakuishia kwenye mashine, walilitumia na jina. Walisema Singer ni jina la aina ya cherehani, na aina hiyo sasa ni ya watu wote. Kampuni ilijibu kwamba jina ni lake, na kwamba mnunuzi anayeliona anaamini ananunua kazi yake.

Uingereza, kampuni ilimshtaki mfanyabiashara aitwaye Loog, aliyekuwa akiuza mashine zilizotengenezwa Berlin na kuzieleza kuwa za mtindo wa Singer. Mwaka 1882 kesi hiyo iliishia katika Baraza la Malodi, na kampuni ikashindwa, kwani karatasi za Loog zilitaja wazi mtengenezaji ni nani.

Marekani, mshtakiwa alikuwa Kampuni ya June. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu iliyogawa haki pande mbili. Ilisema hataza ilipoisha, jina Singer nalo lilikuwa limeshageuka kuwa jina la aina ya mashine, hivyo mtu yeyote anaweza kulitumia. Lakini hakuna ruhusa ya kumdanganya mnunuzi. June ilikuwa ikitumia jina hilo bila kueleza wazi kuwa mtengenezaji ni yenyewe. Mahakama ikaiamuru ionyeshe bayana kwamba mashine zake hazikutengenezwa na kampuni ya Singer.

Kampuni haikukata tamaa. Iliendelea kulitumia jina na kulitangaza kwa miongo mingi, hadi watu wakalitambua tena kuwa lake. Mwaka 1953 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubali kwamba jina lililokuwa limeingia mikononi mwa umma lilikuwa limerudi kwa mwenyewe.

Kwa hiyo ukiuziwa cherehani kuukuu ya enzi zile, usiishie kwenye neno Singer. Tafuta pia jina la kiwanda kilichoitengeneza. Sharti la kulionyesha liliwekwa na mahakama kwa ajili ya mnunuzi.